Uso wa Ran Qiuping, Sauti ya Mtu Mwingine

Jioni ambayo tamthilia ya *Mke wa Mchota Chumvi* ilianza kurushwa, Mzee Ran Dekuan aliwaamuru wateja wake wafunike vigae vya mchezo wa majong na kugeuza viti. Jambo hilo halikuwa limetokea katika ukumbi wake wa chai hata siku ya tetemeko la ardhi, ambapo wachezaji waliomba tu nyumba iache kutikisika ili wamalize mchezo. Lakini jioni hiyo binti yake wa mwisho, Ran Qiuping, ndiye aliyekuwa mhusika mkuu kwenye runinga, na hadithi yenyewe ilikuwa ya mji wetu wa Zigong, ya visima vyetu na ya mabibi zetu walioyabeba maji ya chumvi mabegani. Qiuping mwenyewe alikuwa amekuja kwa gari kutoka Chengdu ili aitazame akiwa katikati yetu.

Wimbo wa ufunguzi ulianza. Alikuwa ameuimba yeye, kwa sauti ile nzito yenye moshi kidogo ambayo madereva wa teksi wa mkoa mzima waliitambua. Watu walipiga makofi. Mama yake, Bibi Chi, alijifuta machozi kwa mkono uliokuwa na pilipili za nyama ya sungura, akalia zaidi ya alivyokusudia. Kisha wimbo ukaisha, uso wa Qiuping ukajaa kiooni, ndoo begani, akafungua kinywa kumwita mumewe kisimani. Na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine.

Ilikuwa sauti nzuri, sikatai. Ilikuwa laini na safi, ya bibi wa mji mkuu aliyelelewa kwa vikombe vya kaure. Lakini haikuwa yake.

"Nani huyo?" aliuliza Mzee Ran.

"Si ni Kitinda wetu huyo!" mkewe akamjibu. "Umeshakuwa kipofu?"

"Uso nauona! Nauliza huyo anayesema ni nani?"

"Labda alikuwa na mafua," alisema Shangazi Pu, muuza tambi wa mlango wa pili.

"Mafua gani hayo, Pu, yanayomgeuza mtu kuwa wa Beijing?"

Watu walicheka, kisha wakamtazama Qiuping, nao wakaacha kucheka. Hakuwa ameambiwa. Kampuni iliyotengeneza tamthilia hiyo, Mawingu Tisa, ilikuwa imeifuta sauti yake kutoka mwanzo hadi mwisho, ikaweka nyingine, na haikuona haja ya kumpigia hata simu. Aliyajua hayo pamoja na Bwana Leng, anayesafisha masikio ya wateja ukumbini kwa malipo, na muuza tambi, mbele ya baba yake, akiwa na bakuli la chai mkononi.

Ili msomaji apime uzito wa kosa hilo, ni lazima ajue sauti hiyo ilitoka wapi.

Qiuping alizaliwa juu ya ukumbi huohuo wa chai, katika Uchochoro wa Ng'ombe Mweupe. Alijifunza kusema kwa kuwasikiliza wazee wakibishana kuhusu bei ya nguruwe na wake zao, na kufikia umri wa kuanza shule aliweza kumwigiza kila mteja kwa namna iliyowafanya baadhi yao wahame meza. Alipokuwa msichana alijiunga na kikundi cha Mjomba Gou, mtu mnene mwenye lori ambalo ubavu wake ulifunguka ukawa jukwaa. Kikundi hicho kilizunguka vijijini kwenye karamu za bakuli tisa: harusi, siku za kuzaliwa za wazee, na hasa mazishi, kwa maana kwetu marehemu hasindikizwi kwa unyonge. Mwimbaji hulia kwanza mbele ya jeneza kwa niaba ya familia, kisha hupanguswa uso, huvaa gauni la kumetameta, na huimba nyimbo za furaha hadi wageni washibe.

Qiuping alikuwa hodari wa yote mawili. Katika kijiji kimoja alimlilia mzee mkorofi ambaye hakuna aliyempenda, akalia vizuri kiasi kwamba jirani aliyekuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba alilainika moyo akaanza kulia pia.

"We Kitinda," Mjomba Gou alimwambia wakirudi, "punguza kidogo. Mjane amekasirika. Anasema mumewe hakustahili."

"Nimelipiwa kulia, Mjomba, sijalipiwa kuchunguza tabia."

Kutoka kwenye lori alikwenda Chengdu kwenye shindano la kuimba la runinga. Jaji mmoja mwenye miwani ya dhahabu alimwambia kwamba ana koo la dhahabu na ulimi wa sokoni. Qiuping aliinama kwa heshima akajibu kwamba sokoni ndiko watu wanakonunua. Nchi nzima ilicheka, ikampigia kura. Hakushika nafasi ya kwanza, lakini aliyeshika nafasi hiyo sasa anauza sofa, ilhali nyimbo za Qiuping zilipigwa kwa vinyozi, kwenye treni, kwenye viwanja ambapo kina mama hucheza jioni. Umaarufu haukumbadilisha sana. Kila Mwaka Mpya alirudi kuona sikukuu ya taa ya mji wetu, akamenya vitunguu saumu na mama yake, na kugombana na Shangazi Pu kuhusu kiasi cha siki kwenye tambi.

Baada ya nyimbo zikaja tamthilia, na huko ndiko alikokutana na desturi ambayo watazamaji wengi hawaijui na ambayo mimi naiita aibu kwa jina lake. Katika utengenezaji wa tamthilia zetu, uso ni wa mmoja na sauti ni ya mwingine. Picha hupigwa kwanza. Baadaye mtu aliyefungiwa chumbani huingiza maneno kwa lafudhi isiyo na mji wala mama. Kwa kuwa sauti ya mwigizaji itatupwa, wako waigizaji mashuhuri wasiojifunza hata sentensi moja. Wanahesabu. Wanahesabu mbele ya kamera, kwa hisia, na mshahara wao haupungui.

Qiuping hakulijua hilo siku yake ya kwanza kazini. Alikuwa amekariri kila neno, lake na la wenzake. Onyesho lilikuwa la kuagana. Mpenzi wake, aliyeigizwa na Yin Haochen, kijana mzuri mwenye mabango hadi kwenye vituo vya mabasi, anakwenda vitani. Haochen alimshika mikono, akamtazama kwa macho yaliyolowa, akanong'ona:

"Moja, mbili, tatu, nne. Tano, sita... saba."

Qiuping alisahau kulia.

"Kata! Mwalimu Ran, machozi yako wapi?" mwongozaji alipiga kelele. Katika kazi hiyo kila mtu huitwa Mwalimu, hata asiyejua lolote.

"Samahani. Nilikuwa nangoja nane."

Watu wote walicheka, Haochen pia, kwa maana si mtu mbaya. Wakati wa chakula alimletea Qiuping paja la bata na ushauri. "Dada, unajichosha bure. Sauti yako hawataitumia. Na mimi hawaitumii yangu. Hesabu tu, upumzishe kichwa."

"Sasa ukifika mia unafanyaje?"

"Sijawahi kupewa sentensi ndefu hivyo."

Hakukubali kuhesabu. Alisema maneno yake yote katika kila tamthilia, na kila mara yalitupwa. Walipomwambia kwamba tatizo ni lafudhi, aliajiri mwalimu wa matamshi, akasoma magazeti kwa sauti akiwa bafuni hadi jirani zake wa Chengdu wakajua habari za dunia bila kununua gazeti. Hata hivyo sauti yake haikupita. Ndipo ikaja *Mke wa Mchota Chumvi*. Mkurugenzi wa Mawingu Tisa, Bwana Miao Jingtang, alimfuata hadi nyumbani na kumwahidi mbele ya wazazi wake, akila sungura wao: "Mwalimu Ran, hii ni hadithi ya kwenu. Safari hii utaisema kwa kinywa chako mwenyewe." Kwa ahadi hiyo alikubali kazi. Kwa ahadi hiyo alibeba ndoo za maji halisi ya chumvi majira ya baridi, akasema kila neno kwa namna bibi yake alivyokuwa akisema, na fundi wa sauti akayarekodi yote.

Basi turudi ukumbini. Kipindi cha jioni hiyo kilipokwisha, Qiuping aliweka bakuli lake mezani, akampigia Bwana Miao simu, akaiweka simu kati ya maganda ya alizeti ili sote tusikie.

"Mwalimu Ran! Hongera! Watazamaji wanafurika!"

"Bwana Miao, sauti yangu iko wapi?"

"Aa, hilo. Ni suala la ufundi tu. Kituo cha runinga kilikuwa na wasiwasi. Unajua, watazamaji wa nchi nzima..."

"Wimbo wangu mmeutumia. Watazamaji wa nchi nzima wananisikia nikiimba, wananielewa."

"Kuimba ni kuimba, Mwalimu Ran. Kusema ni kusema. Ukiimba unapendeza. Ukisema, samahani, mtu anasikia harufu ya jikoni."

Mzee Ran aliinyakua simu. Ni mtu mpole. Mtaa mzima unamtania kuwa ana masikio laini, maana yake mkewe humvuta atakako. "We Miao! Jikoni kwetu ulikula sahani mbili! Harufu hiyo siku ile hukuilalamikia!"

Simu ikakatika. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Qiuping hakucheka, nilimwona akikusanya maganda ya alizeti kwa kiganja, kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya.

"Najua wataniambia nishukuru," alimwambia mama yake. "Nimepata pesa, nimepata jina. Lakini Bibi hakuwahi kusikika popote, Mama. Nilitaka asikike mara moja."

Bibi Chi alifikiri. Jioni iliyofuata, muda wa tamthilia ulipowadia, alimpokonya mumewe rimoti, akaizima sauti ya runinga, akamtazama bintiye.

"Haya, sema wewe."

"Niseme nini?"

"Maneno yako si unayajua? Au ulikuwa unahesabu?"

Qiuping alisimama kando ya runinga, mikono nyuma, kama siku za lori la Mjomba Gou. Picha ilipofungua kinywa, yeye alifungua chake. Na kwa mara ya kwanza mwanamke yule wa kisimani alizungumza kama binadamu aliyekulia Zigong: alimfokea mume, alimbembeleza ng'ombe wa kuzungusha gurudumu la kisima, alimtukana msimamizi kwa upole ambao ni sisi tu tunaoujua, ule unaomwacha mtu akishukuru. Wazee waliosahau kuvuta viko vyao waliviona vimezimika.

Tatizo likawa mume, aliyeigizwa na Yin Haochen yuleyule, ambaye naye sasa alikuwa bubu. Bwana Leng, msafisha masikio, alijitolea kuwa sauti yake. Alichungulia midomo ya Haochen kwa makini ya mtu aliyezoea matundu madogo, kisha akatangaza:

"Jamani, huyu anasema tano, sita, saba!"

"Mkeo anakufa na homa, we Leng! Mjibu!" Shangazi Pu alimkaripia.

"Nitamjibu nini? Mwenyewe yuko kwenye nane!"

Tangu jioni hiyo hapakuwa na nafasi ya kukaa. Watu walileta viti vyao, vibao vyao, watoto wao. Waliokosa nafasi walisimama uchochoroni. Wengine waliirekodi sauti ya Qiuping kwa simu zao, na baada ya muda mfupi nchi nzima ilikuwa inalinganisha: huyu wa runingani, na huyu wa ukumbi wa chai. Mawingu Tisa hawakuchelewa. Waliwatuma watu kumwambia kwamba tamthilia ni mali ya kampuni. Kwamba sehemu ya pili, mwendelezo wa tamthilia, itapigwa picha baada ya sikukuu ya taa. Na kwamba ama aache mchezo wake wa ukumbini, ama mke wa mchota chumvi atakufa kwa mafuriko katika tukio la kwanza.

"Mafuriko?" Mzee Ran alishangaa. "Kisimani?"

Lakini Qiuping alijua kwamba si mzaha. Kampuni moja ikimfungia mlango, nyingine hufunga pia, kwa maana wakubwa hao hunywa pamoja. Alikuwa amefika umri ambao wasichana wapya husubiri nafasi za kina dada. Angenyamaza, angebaki na uso wake kwenye mabango. Angeendelea, angeweza kurudi kwenye lori.

Ndipo akaja bibi mmoja mfupi.

Aliingia mapema, kabla ya umati, na begi la kijivu, mwavuli, na viatu vya kutembelea. Alichagua kiti pembeni. Bibi Chi alimuuliza anywe nini.

"Chai ya jasmini, tafadhali," alisema mgeni.

Bwana Leng alisimama na kijiti chake ndani ya sikio la mteja. Ilikuwa ile sauti. Ile laini, safi, ya vikombe vya kaure.

"Mwizi kaja mwenyewe!" Shangazi Pu alipiga kelele, akavua aproni kama mtu anayejiandaa kwa ngumi. "Jamani, fungeni mlango!"

"Shangazi, mwache anywe chai," alisema Qiuping, akishuka ngazi. Akavuta kiti cha mianzi akaketi mbele ya mgeni. "Wewe ni nani, Dada?"

"Naitwa Zhuo Wenrui. Naingiza sauti." Aliushika mwavuli wake kwa mikono miwili. "Nimekuja kukuomba radhi. Waliniambia wewe ndiye uliyeomba. Kwamba uko kwenye ziara ya nyimbo, huna nafasi ya kuja studio. Sikujua hadi niliposikia hizo rekodi za simu."

"Waliniambia watatumia yangu."

"Basi wametudanganya sote wawili kwa tamthilia moja. Wana bidii."

Aliyotusimulia baada ya hapo yalimfanya Shangazi Pu avae aproni yake upya. Bibi huyu alikuwa sauti ya malkia, wauguzi, majambazi wa kike na mabibi harusi wengi ambao sote tuliwapenda. Alilipwa kwa kazi, akaenda nyumbani. Jina lake halikuandikwa mwishoni mwa tamthilia hata moja, kwa sababu kampuni hazitaki mtazamaji ajue kwamba mrembo wake ana sauti ya kukodi.

"Majirani hawaamini," alisema. "Nikiwaambia malkia yule ni mimi, wananiangalia hivi, wananiambia nikapumzike."

"Fanya malkia!" mteja mmoja alipaza sauti.

Dada Zhuo alinyoosha mgongo wake mfupi. "Mwondoeni mbele yangu," alisema, "na mlango ufungwe." Mteja akainuka kitini kabla ya kukumbuka kwamba amelipia chai yake.

Jioni hiyo walisema pamoja. Qiuping alikuwa mke wa mchota chumvi; Zhuo Wenrui alikuwa mke wa tajiri mwenye kisima, na kwa kinywa hicho lafudhi ya vikombe vya kaure ilikuwa mahali pake hasa. Walipogombana kuhusu ujira wa wachota maji, uchochoro mzima uligawanyika, na mtu alirusha ganda la chungwa upande wa tajiri. Baadaye Bibi Chi alimpa mgeni sungura. Alitafuna mara moja, akafumba macho, akajaribu kusema kitu, ikatoka pumzi tu.

"Sauti ya taifa imezimwa na pilipili!" Bwana Leng alitangaza.

Alipoweza kusema tena, alimgeukia Qiuping. "Sehemu ya pili wamenipa mimi tena. Sitaifanya."

"Utakosa kazi, Dada."

"Na wewe?"

"Mimi nitawaambia kwamba uso wangu na sauti yangu vinasafiri pamoja. Wasipotaka, Mjomba Gou bado ana lori. Lakini sitasimama tena mbele ya kamera kama sanamu ya udongo."

Wakaagana hivyo, na kila mmoja alitimiza neno lake. Qiuping aliikataa sehemu ya pili hadi arudishiwe sauti yake. Zhuo Wenrui alikataa studio, na wenzake kadhaa wa kazi hiyo wakamuunga mkono. Yin Haochen, sijui ni aibu au ni nini, ameanza kujifunza maneno yake. Amempigia Qiuping simu kumsomea ukurasa mzima bila tarakimu. Mke wa mchota chumvi hajafa kwa mafuriko, kwa sababu hakuna wa kumzamisha. Ukumbi wa Mzee Ran unaendelea kujaa, na sehemu ya kwanza sasa inarudiwa kutoka mwanzo kwa wale waliokosa.

Kwa hiyo nasema nanyi, Bwana Miao Jingtang na wenzako wa Mawingu Tisa, na nanyi wakuu wa kituo mliokubali kuirusha kazi hiyo. Mmemwona mwanamke wa Zigong anafaa kuonekana na kuimba, lakini hafai kuzungumza. Mmemwona mwanamke mwingine anafaa kuzungumza, lakini hafai kuwa na jina. Mliahidi mbele ya wazazi, mkavunja ahadi bila hata kuwa na ujasiri wa kusema. Msitujibu kwa hoja ya lafudhi. Nchi nzima imeisikia lafudhi hiyo kwenye simu za watu na imeielewa. Rekodi mnazo: fundi wenu alizichukua kisimani, neno kwa neno. Zirudisheni ndani ya tamthilia, vipindi vyote, kuanzia cha kwanza. Andikeni jina la Zhuo Wenrui katika kila kazi aliyoisemea, kwa herufi zinazosomeka. Mwombeni radhi kila mmoja wao hadharani, kwa vinywa vyenu wenyewe. Fanyeni hivyo kabla ya sikukuu ya taa, na kabla hamjathubutu kuwasha kamera nyingine katika mji wetu.